Tairi Ambazo Hakuna Aliyezitaka

Muthiani alipofariki, jambo la kwanza watoto wake walilosema ni kwamba baba yao aliagiza arudishwe nyumbani kwa pikapu yake mwenyewe. Jambo la pili ni kwamba pikapu haina tairi. Ilikuwa imekaa juu ya mawe nyuma ya jiko la Ndunge miaka mingi, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva, rimu zimeliwa na kutu, na raba imepasukapasuka kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Fundi alikuja akaiamsha injini, ikakohoa, ikakubali. Ikabaki miguu. Kwa hiyo tukaenda mji wa Wote kutafuta tairi na rimu zake: Ndunge ambaye sasa ni mjane, binti yake Mumbua, Musyoki aliyemwoa Mumbua, na mimi. Ndunge ndiye aliyesema hawezi kununua tairi bila Kavata. Mumbua akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie, akauliza, "Kwani Susu Kavata anajua nini kuhusu tairi?" Mama yake aliniangalia mimi tu, huyo susu, bibi yao, na mimi nikaangalia mikono yangu.

Duka lenyewe liko njia ya kutoka sokoni. Siku hizi tairi zinapangwa ndani ya nyumba yenye sakafu ya vigae, kama viatu, na kijana anakuja na simu anakuonyesha picha ya gari lako likiwa limevalishwa rimu zinazong'aa. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Harufu ya raba mpya ilinipanda kichwani, na kabla sijajua nilikuwa nimerudi kwenye mji mdogo wa Salama, mwaka ule, msichana niliyeolewa juzi, nimesimama kati ya watu wawili ambao hawawezi kuangaliana. Kilichotokea dukani Wote baada ya hapo kilinishtua mpaka nikainuka kitini bila fimbo. Lakini hakieleweki mtu asipojua mwaka ule.

Mwaka ule nilikuwa bado mgeni kwa nyumba ya mume wangu, na akina mama wa mwethya walikuwa wamenipokea kama mdogo wao. Mwethya ni kikundi cha kazi: leo tunachimba matuta shambani kwa Mbithe, kesho kwa Wayua, siku nyingine tunatoa udongo kwenye bwawa. Majina yao ninayo mpaka leo, Mbithe, Wayua, Kanini mrefu na Kanini wa dukani, Loko, Nduku aliyekuwa akicheka mpaka analia. Aliyekuwa mbele yetu sote aliitwa Mama Ndunge. Alikuwa mwembamba, mweusi sana, na akiongea alitazama kitu kingine, mti au mbuzi, lakini neno lake lilikuwa linaingia. Ni yeye aliyesimama tulipokuwa tumeuza vyondo tulivyosuka na maembe ya misimu mingi, wengine wakitaka tununue ng'ombe, akasema, "Ng'ombe hawezi kubeba mgonjwa." Tukanunua pikapu iliyotumika, rangi ya chai ya maziwa, mlango wake wa kushoto ukifungwa kwa kamba ya mkonge. Siku ilipofika tuliiimbia mpaka sauti zikaisha.

Kule kwetu mwenye leseni alikuwa mmoja tu, Muthiani. Na Muthiani ndiye aliyemwoa Ndunge, binti ya mwenyekiti wetu. Hapo ndipo mambo yalipofungana. Kwetu Ukambani, wakati ule, mwanamume na mama wa mke wake hawakuangaliana usoni. Heshima hiyo tunaiita nthoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kando ya kichaka mpaka mwenzake apite. Hawali chumba kimoja, hawatajani majina, hawapeani kitu mkono kwa mkono, wala mmoja hampingi mwingine neno. Sasa fikiria mwenye gari na mwenye usukani wako hivyo. Mama Ndunge alikuwa akikaa nyuma kwenye mizigo, amempa dereva mgongo, leso imefunika upande wa uso. Akitaka gari lisimame, ananiambia mimi. Mimi nagonga paa, nainama dirishani namwambia Muthiani. Muthiani akiwa na jibu, linapitia kwangu kurudi nyuma. Nilichaguliwa kwa sababu sikuwa ndugu wa yeyote kati yao, na kwa sababu nilikuwa na sauti kubwa. Nilijivuna sana. Msichana wa umri wangu, bado sina mtoto mgongoni, na watu wazima wawili hawawezi kuambiana hata habari ya asubuhi bila mimi.

Nilianza kuuona uzito wake kando ya barabara ya Tawa, mapema mwaka ule ule. Ndunge alikuwa na mimba ya kwanza, akashikwa na uchungu kabla ya wakati, tukampakia kumpeleka hospitali. Tairi zilikuwa zimeisha mpaka nyuzi zinaonekana. Ya nyuma ikapasuka mteremkoni, na spea nayo tuliikuta haina upepo. Muthiani akatoa tyubu, akabandika kiraka, kikabanduka, akabandika kingine. Ndunge alilala nyuma juu ya magunia, ameshika mkono wa mama yake. Baba wa mtoto alikuwa chini kando ya gari, nyanya wa mtoto alikuwa juu, na kati yao palikuwa na ubao tu wa pikapu, lakini hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Mtoto akatoka hana pumzi. Mama Ndunge akamfunga kwa leso, akaangalia milima, akaniambia taratibu, "Mwambie mkwe wetu imekwisha." Nikazunguka gari, nikachuchumaa, nikamwambia. Muthiani alikuwa ameshika kiraka kingine kwa meno ili mikono ifanye kazi. Alilia hivyo hivyo, kiraka bado kiko mdomoni, na mimi nikasimama pale nikingoja kama ana jibu la kurudisha.

Kwa hiyo Ndunge aliposhika mimba tena, kikundi chote kilikuwa na neno moja: kabla mvua ya Novemba haijafika, pikapu ipate tairi mpya, na rimu pia, kwa sababu zile za zamani zilikuwa zimepindwa na mawe na zinavuja upepo. Sikumbuki mkutano wowote wa mwethya uliokuwa mfupi kama huo. Hata Kanini wa dukani, ambaye hupinga kila kitu, alinyamaza. Safari ya Salama wakapewa watatu: dereva kwa kuwa ndiye anayejua gari, mwenyekiti kwa kuwa mali ni ya kikundi, na mimi kwa kuwa bila mimi hao wawili ni mabubu.

Salama iko kwenye barabara kuu ya Mombasa, na wakati ule, kama sasa, kila kitu kiliuzwa kando ya lami. Tulifika asubuhi na njaa. Kwenye hoteli Muthiani aliingia ndani akakaa akiangalia ukuta. Mama Ndunge akakaa nje juu ya kreti ya soda, upande ambao dirisha halimwoni. Mimi nikawa napeleka chai na chapati huku na huku, nikitoa ujumbe pamoja na sahani, mama mkwe nikimwita mwaitu, yaani mama yetu. "Mwaitu anauliza kama umeshiba." "Mwambie mwaitu nimeshiba, ashukuriwe." "Mkwe wetu anauliza kama sukari inatosha." "Mwambie inatosha." Mwanamke aliyekuwa akipika chapati alinitazama nikipita mara nyingi, akashindwa kuvumilia. "Dada, hawa watu wako wamekosana nini?" Nikamwambia, "Hawajakosana. Wanaheshimiana." Akageuza chapati. "Basi mimi nashukuru kwetu tunagombana tu."

Muuzaji wa tairi aliitwa Athumani, mzee wa Kiislamu aliyehamia pale kutoka Mwingi, mwenye kofia nyeupe ambayo sikuelewa inabakije nyeupe mahali kama pale. Tairi zake zilikuwa zimewekwa uani, nyingine zimening'inia kwenye miti, nyingine zimelala kama magunia. Alituwekea aina mbili zilizoweza kuingia kwenye gari letu. Za kwanza zilikuwa pana, zimetumika kidogo, meno yake mafupi na laini, nazo zilikuja na rimu zake pana. Alipima matundu ya nati mbele yetu, yakalingana. Hizo aliziegemeza katikati ya uwanja. Za pili zilikuwa nyembamba, zimevishwa raba mpya juu ya mwili wa zamani, ngumu kama ubao, meno yake marefu yamesimama kama ya trekta. Hizo zilikuwa ukutani, nazo na rimu zake. Bei haikupishana sana. Athumani akasema, "Chagueni kwa njia mnayopita," akaenda kuswali.

Nitaeleza vile tulivyokuwa tumesimama, maana jambo lote liko hapo. Mama Ndunge alisimama katikati ya uwanja, kwenye tairi pana, kwa sababu ndiye aliyeingia kwanza. Muthiani alipoingia na kumkuta hapo, alifanya kile mkwe yeyote mwenye adabu angefanya: akaenda mpaka ukutani, akampa mgongo, na kwa kuwa mtu aliyegeukia ukuta anaonekana mjinga, akaweka mkono kwenye kitu kilichokuwa karibu. Kilichokuwa karibu ni tairi ya meno ya trekta. Akabaki ameishika, anaipapasa, akingoja kuambiwa.

Mama Ndunge alimtazama mgongoni, chini ya leso. Alitazama ule mkono. Nilimwona akigusa tairi pana kwa mguu wake, akiibonyeza kwa dole gumba, halafu akaurudisha mguu. Akaniambia, "Mwambie mkwe wetu hizo alizoshika ni nzuri." Nikaenda mpaka ukutani nikasema, "Mwaitu anasema hizo ulizoshika ni nzuri." Muthiani aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akasema, "Mwambie kama mwaitu amezipenda, ndizo." Nikarudi nikasema. Mama Ndunge akatikisa kichwa kukubali, akafungua fundo la leso, akanipa pesa za kikundi nimpelekee Athumani. Athumani aliyekuwa ametoka kuswali aliangalia tairi, akaniangalia, akauliza, "Mna hakika? Kwenu si ni mchanga?" Mimi, mdomo wa watu, nikajibu kwa sauti yangu kubwa kwamba wote wawili wamekubali.

Nyumbani kila mtu alizisifu. Watoto walikuwa wakiingiza vidole kati ya yale meno. Loko alisema gari sasa linafanana na la serikali. Muthiani alizifunga kimya kimya, akizipiga nati kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Jioni ile nilikaa jikoni kwa Mama Ndunge, isyo inatokota, mahindi na maharagwe yakipiga kifuniko, moshi unatuuma macho. Hakuna aliyemuuliza kitu. Akakoroga, akasema, "Ni nzuri." Akaweka kuni. Akasema tena, "Mkwe wetu anajua gari. Ni nzuri." Nilifikiri anasema juu ya isyo pia.

Siku ya Ndunge ilipofika, kwetu jua lilikuwa linawaka. Mawingu yalikuwa mbali, juu ya vilima vya Mbooni. Kwenda hospitali ya misheni tulikuwa tunavuka mto, na mto wetu ni wa mchanga: miezi mingi ni barabara nyeupe pana isiyo na tone la maji, watu wanachimba visima ndani yake, punda wanalala. Muthiani alishuka ukingoni, akapunguza upepo kwenye tairi ili zilainike, kama walivyofanya madereva wote. Lakini zile zilikataa kulainika. Ndunge alikuwa mbele naye, Mama Ndunge na mimi nyuma. Tuliingia mchangani kwa kasi, tukafika katikati, halafu nikasikia meno yale yakianza kula. Hayakuwa yanateleza, yalikuwa yanachimba, kama majembe manne. Kila alipokanyaga mafuta tulishuka chini zaidi, mpaka tumbo la gari likalala juu ya mchanga na injini ikazima.

Muthiani akatoka, akaingiza kichwa chini ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia, akaanza kutoa mchanga kwa mikono. Mama Ndunge, kwa kuwa mkwe wake alikuwa amelala chini upande huo, akafunika uso kwa leso akageukia kushoto. Kushoto ndiko mto unakotoka. Nataka muelewe hilo: aligeuka kule kwa heshima tu, na kama asingegeuka hakuna mtu angeona.

Aliniambia kwa sauti ile ile aliyojibu nayo habari ya sukari, "Kavata. Mwambie mkwe wetu mto unakuja."

Nikageuka. Sikuona maji. Niliona kitu cha rangi ya udongo, kina matawi yamesimama juu yake, kina mzoga wa mbuzi, kinatembea kwa urefu wa mtu kikijaza mto ukingo kwa ukingo, na sauti yake ilikuwa kama malori mengi yanapanda mlima pamoja. Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Mimi niliyepewa kazi kwa sababu ya sauti, nilisimama pale mdomo wazi kama samaki. "Mwambie," akasema. Nikamtazama tu. "Kavata, mwambie!" Hata mkono sikuweza kuinua. Na Muthiani alikuwa chini, kichwa kiko ndani ya shimo, anachimba.

Basi Mama Ndunge alisimama. Leso ikaanguka. Aliruka ubao wa pikapu, mwanamke wa umri ule, akatua mchangani upande wa kulia, akamshika mkwe wake miguu yote miwili na kumvuta kama anavyovutwa ndama, akipiga kelele, "Muthiani! Muthiani, toka hapo chini! Unataka kumuua mtoto wangu mara mbili?"

Jina lake. Mimi maji yalinishtua, lakini jina lile lilinishtua zaidi, Mungu anisamehe. Muthiani alitoka amejaa mchanga puani, akainua macho, na wakaangaliana. Walikuwa wakwe tangu harusi na hawakuwa wamewahi kuonana macho. Nilimwona akiutazama ule uso kana kwamba ndio unaomjia, si mto. Mama Ndunge akamwambia, "Unaniangalia nini? Shika mabega, mimi nashika miguu!" Wakamtoa Ndunge wakambeba, mikono yao imepishana chini ya mgongo wake, wanapigiana kelele, huku, si huko, inua, wewe Muthiani inua! Mimi sikumbuki kushuka. Nakumbuka mkono wa Mama Ndunge ukirudi kunishika nguo. Tulipanda ukingo wa ng'ambo kwa magoti, maji yametufika mapajani, na nyuma yetu mto ukachukua pikapu, ukaigeuza ubavu polepole, na zile tairi zikabaki juu, zinazunguka, meno yote nje.

Tukakaa chini. Ndunge anahema, ameegemea mti. Na hapo ukingoni, wamelowa, Mama Ndunge akamgeukia mkwe wake moja kwa moja.

"Kwa nini ulinunua hizo tairi?"

"Mimi?" akasema Muthiani. "Si wewe mwaitu ulizipenda?"

"Nizipende mimi! Mimi nimetembea kwa mchanga huu tangu nizaliwe. Sijui mguu mwembamba unazama? Nilitaka zile pana!"

"Hata mimi nilitaka zile pana!"

"Si ulikuwa umezishika!"

"Nilishika kwa sababu wewe ulikuwa umesimama kwa zile pana! Ningesimama wapi?"

Wote wawili wakanigeukia. Nikafungua mdomo, na safari hii sauti ilikuwepo. Nikarudia kila neno nililobeba siku ile Salama, kama lilivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza. Hizo alizoshika ni nzuri. Kama mwaitu amezipenda, ndizo. Chini yetu mto ulikuwa unaunguruma. Nilikuwa nimebeba maneno yao vizuri kabisa, hakuna lililomwagika, na ndani yake hamkuwa na lolote ambalo mmoja wao alitaka. Walimpenda Ndunge sana wote wawili, walitaka tairi za aina moja, walisimama kwenye uwanja mmoja, na karibu wamzike. Ndunge ndiye aliyetukatiza, akiwa ameshika tumbo: "Mtamaliza hayo maneno, au nizalie hapa?"

Tulipata mkokoteni wa punda kwenye maduka ya ng'ambo. Mtoto alizaliwa hospitali jioni ile, mzima, analia kwa hasira. Mvua ilikuwa imefika, wakamwita Mumbua, mtoto wa mvua.

Wazee waliposikia kwamba mama amemtaja mkwe wake jina na kumshika miguu, walikutana. Wakasema achinjwe mbuzi ili heshima irudi. Mama Ndunge alikuwa amekaa mbali, anaangalia ukuta, nami nikitumwa kama kawaida kupeleka hukumu. Nikaipeleka. Akajibu kwa sauti ambayo haikuhitaji mimi, wazee wote waliisikia: "Huyo mbuzi msimchinje. Mpelekeni Salama, abadilishwe na tairi pana." Kulikuwa na mzee mmoja, Mutisya, mkali sana, nilimwona akificha kicheko kwa kofia. Mto uliposhuka, mwethya tulichimbua pikapu mchangani kwa wiki nzima ya jasho na nyimbo, fundi akaisafisha, Athumani akachukua mbuzi pamoja na zile tairi zake za trekta. Alipoziona alisema tu, "Niliuliza."

Kitu ambacho sijakielewa mpaka leo ni kwamba safari iliyofuata, Mama Ndunge alipanda nyuma, akajifunika leso, akampa dereva mgongo kama zamani. Sikuamini macho yangu. Lakini tulipofika mtoni aligonga paa mwenyewe, kwa mkono wake, akasema bila kugeuka, "Muthiani, punguza upepo zaidi." Na Muthiani akajibu, "Ndiyo mwaitu." Wakaishi hivyo mpaka Mama Ndunge alipokufa: kwa mambo yote mengine nthoni, kwa mambo ya gari, neno la moja kwa moja. Pikapu yenyewe kikundi kilimwachia Muthiani baadaye. Mimi kazi ya mdomo niliiacha mwaka ule, sikuirudia. Watu wameniomba mara nyingi, kwa harusi, kwa mashamba, kwa ndugu waliokosana. Nawaambia waende wenyewe.

Sasa dukani Wote. Nilikuwa kwenye kiti changu cha plastiki. Musyoki, mkwe wa Ndunge, ni kijana wa siku hizi, mwalimu, anamsalimia mama mkwe wake kwa mkono na anampigia simu. Ningesema nthoni kwake ni hadithi. Lakini Ndunge alipoingia akasimama katikati, kwenye tairi pana, nilimwona kijana akipita kando, akaenda mpaka ukutani, akageuka nusu, akaweka mkono juu ya tairi iliyokuwa hapo. Nyembamba. Inang'aa. Sidhani alijua anafanya nini, mwili wake tu ulijua. Na Ndunge akautazama ule mkono. Nikaona mguu wake, ndani ya viatu vyeusi vya msiba, ukigusa tairi pana na kurudi. Akageuza kichwa kwangu. Alikuwa na uso wa mama yake, sijawahi kumwona nao kabla ya siku hiyo.

"Kavata," akasema taratibu, "mwambie Musyoki hizo alizoshika ni nzuri."

Nilikuwa nimesimama kabla sijajua. Fimbo ilianguka ikapiga vigae, kijana wa simu akaruka. Nikasema kwa ile sauti yangu, sikujua bado ninayo, "Ndunge! Mwambie mwenyewe. Huyo hapo. Na kwanza mwangalie!"

Mumbua alinishika mkono akidhani nimepatwa na kitu. Ndunge alinitazama, na nikaona akifika mahali nilipokuwa: mto, ukingo, meno yale yakizunguka hewani. Mkono ukamwenda mdomoni. Akageuka mzima, akamtazama mkwe wake usoni. Machozi yalikuwa yanamtoka na sauti haikutetemeka.

"Musyoki. Wewe mwenyewe unataka gani?"

Musyoki akaondoa mkono kwenye ile tairi haraka kama imemchoma. "Mama, mimi hii nilishikilia tu. Tangu asubuhi sijala, nilikuwa naona giza." Halafu akasema, "Mimi nilipenda hizo zako. Hizo pana."

Tulimpa chapati kwanza. Halafu wakapima matundu ya nati.

Jumamosi tulimleta Muthiani nyumbani. Sehemu kubwa ya njia siku hizi ni nzuri, lakini mwisho, kabla ya boma lao, mchanga bado uko vile vile. Musyoki alisimama ukingoni, akapunguza upepo, Ndunge akamwambia apunguze zaidi, akapunguza. Walikaa mbele wawili, yeye na mama mkwe wake, na kati yao hakukuwa na mtu. Walitaka nikae hapo katikati kwa sababu ya miguu yangu. Nikakataa. Nilipandishwa nyuma, nikakaa kando ya sanduku, mkono wangu juu ya kifuniko, na tulipoingia mchangani nikamgeuzia dereva mgongo nikaangalia kushoto, mto unakotoka, mpaka tukavuka.